Njiwa Aliyefutwa ili Kubana Matumizi

"INATANGAZWA kwa wanachama wote wa Ushirika wa Watengeneza Fagio kwamba njiwa aliyekuwa upande wa kushoto wa nembo hayumo tena tangu Jumatatu, kwa sababu ya kubana matumizi. Wanachama wanaombwa kuwa watulivu. Sehemu nyingine za nembo zinaendelea kama kawaida."

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ghala kwa pini nne. Mchoraji alilisoma mara tatu: mara ya kwanza kama mpita njia, ya pili kama mtu aliyemchora njiwa huyo kwa mkono wake, na ya tatu kama binti wa mama yake. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomkata maini.

Ushirika ulikuwa na vikundi saba, na kila kikundi kilichovya ncha ya mipini yake katika rangi yake ili fagio zisichanganyike ghalani. Msimu huu mnunuzi alitaka kila ufagio uwe na nembo, iliyochapwa kwenye ukanda wa karatasi unaozungushwa kwenye mpini. Mchoraji, akijua kwamba mpini si ubao wa matangazo, alipeleka kwenye kamati mchoro wa ufagio mmoja mweusi. Kamati ilimshukuru kwa ufagio, kisha ikamwagiza aongeze jua jekundu, nyasi za manjano, jani la kijani, anga la buluu, mpini wa kahawia, maandishi meusi na njiwa mweupe, ili kila kikundi kijione na kila kikundi kilipie rangi yake. Vyote hivyo vilipaswa kukaa kwenye ukanda wenye upana wa vidole vitatu.

Kikundi cheupe kilikuwa cha wanawake kumi na mmoja, na kiongozi wao alikuwa mama yake mchoraji. Rangi isiyokuwemo kwenye nembo ilihesabiwa kuwa haimo kwenye ushirika, na lori la mnunuzi lilikuwa linakuja Jumamosi. Ghala lilikuwa linavuja. Fagio zilizobaki mwaka uliotangulia ziliota ukungu mpaka zikafanana na paka wazee, na safari hii kikundi cheupe kilikuwa na fagio mia nne na ishirini, kazi ya miezi mitatu.

"Mama, mmetolewa," mchoraji alisema alipofika nyumbani.

"Tumetolewa wapi?" Mama yake hakuinua macho kutoka kwenye ufagio aliokuwa akiukaza waya.

"Kwenye nembo. Njiwa kafutwa."

"Na mjomba wako alikuwepo?"

"Ndiye aliyesaini."

Mama alikata waya kwa meno, jambo alilokatazwa na daktari. "Mwambie kaka yangu kwamba nilimbeba mgongoni miaka miwili. Siku hizo hakuuliza gharama."

Mchoraji hakuupeleka ujumbe huo moja kwa moja. Alipitia kwanza kwa fundi chapa, aliyeitwa Rangi Moja kwa kuwa huo ndio ushauri aliompa kila mtu, wakiwemo waliokuja kuuliza njia. Alimkuta ameketi mbele ya skrini zake, yaani fremu za mbao zilizowambwa kitambaa ambacho wino hupenya. Kila rangi ilihitaji skrini yake, kila skrini ilikuwa na bei yake, na kila rangi ilipaswa kukauka kabla ya nyingine kuwekwa juu.

"Binti, nyie watu mmeniletea pazia la ukumbini mnataka nilidarizi kwenye leso," alisema. "Ukanda ukisogea kidogo tu, jua linaingia kwenye nyasi na mfagiaji anadhani pamewaka moto."

"Si walipunguza? Walimtoa njiwa."

"Na ndicho kinachoniumiza. Hebu hesabu skrini hapo."

Mchoraji alihesabu. Zilikuwa sita.

"Ya nyeupe iko wapi?"

"Karatasi ni nyeupe, binti. Njiwa ni mahali nilipoacha kuchapa. Hakuwa na skrini, hakuwa na wino, hakuwa na fundi. Katika nembo nzima ndiye pekee aliyekuwa akijitegemea. Sasa mmemtoa, lazima nijaze anga pale alipokuwa. Buluu imepanda."

"Imepanda kiasi gani?"

"Kiasi cha njiwa."

Kwa rangi moja nyeusi, aliongeza, angemaliza kanda zote kabla ya Ijumaa jioni, na bei ingekuwa ya kibinadamu. Mchoraji alitoka hapo akitembea haraka, kwa kuwa sasa alikuwa na hoja, na watu wenye hoja huamini kwamba wengine wanaisubiri.

Kamati ilikutana kwenye chumba chenye meza ya miguu mitatu mizima, wa nne ukiwa umekamilishwa kwa kumbukumbu za vikao vilivyopita. Mjomba wake, Mwenyekiti, alikaa upande wa kumbukumbu. Mchoraji alieleza habari ya skrini, ya karatasi na ya njiwa.

"Ngoja kwanza," alisema mwakilishi wa buluu, mtu mrefu aliyeitwa Kamba. "Kwa hiyo nyeupe ni bure?"

"Bure kabisa."

"Tangu lini?"

"Tangu karatasi ilipotengenezwa."

Wajumbe wakatazamana. Mchoraji alidhani wameelewa.

"Yaani sisi tunalipia anga," alisema Kamba taratibu, "wao wanaruka humo bure?"

"Na jua letu linawamulika!" alidakia wa nyekundu.

"Ndugu zangu," mchoraji alisema, "dawa ni nembo ya rangi moja. Ufagio mweusi tu, wa wote. Skrini moja, igawanywe kwa saba, na Jumamosi lori linapakia."

"Nyeusi ni yetu sisi," alisema mama wa kikundi cheusi. "Nani kawaalika?"

Hapo ndipo mwakilishi wa manjano, ambaye hakuwahi kusema neno kikaoni isipokuwa kuulizia chai, aliposimama na kuomba kwamba kikundi chake kuanzia sasa kiwe cheupe. Wa kijani alimuunga mkono kwa sharti kwamba naye awe mweupe. Kamba alisema hatakuwa mjinga peke yake. Ilipofika zamu ya kikundi cheusi, mama yule alisitasita kwa heshima ya marehemu waanzilishi, kisha akauliza kama marehemu wangelipa. Katibu aliandika.

"Mjomba," mchoraji alisema, "nembo nyeupe kwenye karatasi nyeupe haionekani."

"Haionekani kwa nani, mpwa wangu?"

"Kwa mtu yeyote."

"Basi hakuna aliyependelewa," alisema Mwenyekiti, na machozi yalimlengalenga, kwani katika miaka kumi na mmoja hicho kilikuwa kikao chake cha kwanza kukubaliana. Njiwa alirudishwa kwa heshima zote. Mchoraji alitoka akiwa amepata kila alichokwenda kukidai.

Ijumaa Rangi Moja alileta kanda zilizokatwa vizuri na kufungwa mia mia. "Hakuna iliyoharibika," alisema. "Miaka ishirini na sita nawaambia watu rangi moja. Sikuwahi kudhani kuna atakayenipita."

Jumamosi karani wa mnunuzi alichukua ufagio mmoja, akauzungusha, akauinua kwenye mwanga.

"Nembo iko wapi?"

"Umeishika," alijibu Katibu.

Karani alimtazama, akautazama ukanda, kisha akamwambia dereva asizime injini. Mchoraji alikimbilia kopo la rangi nyeusi na kuanza kuchora ufagio kwa mkono kwenye ukanda wa kwanza, mama yake akimhimiza, "Paka, mwanangu, paka!" Alikuwa kwenye mpini wa tano Katibu alipomnyang'anya brashi kwa kosa la kubadili nembo bila idhini. Lori liliondoka tupu.

"Sasa tumo?" mama aliuliza, akilitazama wingu lililokuwa likikusanyika juu ya ghala.

"Mmo, Mama."

"Na wengine?"

"Wote wamo."

Kamati ilikutana kwa dharura alasiri hiyo, matone ya kwanza yakigonga bati, na ikaazimia kwa kauli moja: kwamba mnunuzi aandikiwe barua ya kumwelekeza namna ya kuitazama nembo, kwamba barua hiyo iandikwe kwenye karatasi rasmi yenye nembo mpya, na kwamba, hadi jibu litakapopatikana, fagio zote zihamishiwe upande wa ghala ambao mvua huchelewa kuufikia.