Ushuhuda wa Kalani Marcellin

Mwaka 1955 Marcellin, kalani aliyeandika barua katika biro, ofisi ya serikali pale Kasongo, Kongo ya Wabelgiji, alikuwa anangojea karte, ile iliyomhesabu Mwafrika kuwa mtu mstaarabu. Wazungu walishakuja nyumbani kwake wakakagua sahani, vitanda, hata choo. Kilichobaki ni kutoa hotuba katika klabu ya makalani. Akachagua vita vya Waamerika na Waingereza. Administrateri, Mzungu mkuu wa wilaya, alisoma kichwa cha hotuba, akacheka.

"Sababu na matokeo. Vizuri. Ni mambo ya zamani, tena ya Waingereza."

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Nyuma kabisa alisimama Bulaimu, kaka wa Odile, mke wa Marcellin. Alikuwa mkulima wa kijiji cha Wamaza aliyekuja kumsalimia dada yake, na mjini hakujulikana na wengi.

Marcellin alisema vizuri. Alieleza jinsi mfalme wa Waingereza, akiwa ng'ambo ya bahari, alivyowatoza Waamerika kodi ya karatasi na ya chai, nao hawakuwa na mtu hata mmoja katika baraza lake. Wakamwaga chai majini, wakapigana miaka minane, Wafaransa wakawasaidia, wakajitawala. Watu wakapiga makofi.

Bulaimu akanyoosha mkono. "Shemeji, na watu weusi waliokuwa watumwa kule? Vita ilipoisha waliachiliwa?"

"Wengi hawakuachiliwa," Marcellin akajibu. Jambo hilo alikuwa ameliruka makusudi. Kasongo palikuwa na soko la watumwa zamani, na watu wanajua vizuri bibi wa nani aliletwa kwa minyororo.

"Basi wale wakubwa walipigania kodi yao wenyewe. Na sisi? Hii pamba tunalima kwa nguvu, bei wanapanga wao. Mu baraza yao iko nani wa kutusemea?"

Mtu mmoja alikohoa. Marcellin akafunga daftari, akawashukuru watu kwa kufika.

Jumatatu Administrateri alimwita. Faili la Marcellin lilikuwa wazi mezani.

"Nani aliuliza juu ya pamba?"

"Watu walikuwa wengi, Bwana."

"Alikuita shemeji. Uko na mashemeji wangapi?" Akageuza ukurasa wa faili. "Ulimfundisha wewe, ao alikuja na maneno yake?"

Baadaye Marcellin alijiambia mara nyingi kwamba wangempata Bulaimu tu. Lakini siku ile hakuna aliyemgusa yeye hata kwa kidole. Alisema haraka, kama mtu anayetua mzigo: "Maneno ni yake mwenyewe. Ni Bulaimu, wa Wamaza."

"Chukua kalamu."

Barua ilikuwa ya kwenda kwa chifu wa Wamaza, kwa Kiswahili. Bulaimu akamatwe, apelekwe uhamishoni Équateur, mkoa wa mbali, miaka mitano kwa kuchochea watu, kwa ushuhuda wa kalani Marcellin. Alipofika hapo kalamu ikasimama.

"Andika," Administrateri akasema kwa upole.

Akaandika, kwa ule mwandiko wake uliosifiwa na mapadri.

Nyumbani alimficha Odile jambo hilo. Wiki mbili zikapita, kisha Léontine, mke wa Bulaimu, akaingia uani na vumbi mpaka magotini. Alikuwa ametembea siku tatu.

"Shemeji, walimufunga kamba mbele ya watoto. Chifu alinipa hii karatasi, hakutaka kunisomea. Wewe uko mutu wa biro. Nisomee."

Marcellin alisoma polepole, akaruka mstari mmoja, akaikunja karatasi. "Nitaenda kuwaomba," akasema.

Odile akanyoosha mkono. Alikuwa amesoma kwa masista miaka minne. Aliutazama mwandiko kwanza, muda mrefu, kabla ya maneno. Kisha akasoma kwa sauti, toka mwanzo hadi mwisho, jina la mume wake na yote.

Léontine alimwangalia Marcellin, akingoja akanushe.

"Walikuwa wanajua tayari," Marcellin akasema. "Na kazi yangu, Odile? Na watoto wetu?"

"Watoto wetu wataita nani mujomba?"

Léontine hakulia. Alisema tu kwamba shamba la Bulaimu limeshikwa na majani, na monitere, msimamizi wa pamba wa serikali, asipolikuta safi atamfunga na yeye. Asubuhi yake Odile aliwachukua watoto, wakaondoka pamoja naye.

Karte ilifika mwezi uliofuata. Marcellin akapanda baisikeli mpaka Wamaza, akamkuta mke wake shambani na jembe mkononi. Akamwonyesha. Sasa watoto wangeweza kukubaliwa katika shule ya Wazungu.

Odile aliisoma pande zote mbili, akamrudishia.

"Simama kule kando," akasema. "Unakanyaga pamba ya kaka yangu."

Akasogea. Alisimama njiani mpaka jua lilipopinda, wanawake wale wawili wakipalilia bila kuinua vichwa, kisha akageuza baisikeli.

Bulaimu alikufa kwa ugonjwa wa kifua mwaka wa tatu, huko huko Équateur. Odile hakurudi Kasongo.