Upepo wa Bwana Tolhurst

Kabaila Aubrey Tolhurst wa Kent alijiona bingwa wa kriketi, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akiupiga mpira ukafika mbali. Siku hiyo mpira wa kwanza ulimpita, ukaangusha vijiti vilivyosimama nyuma yake; kwa kanuni alipaswa kutoka.

"Ni upepo huo!" akafoka.

Mwamuzi alikuwa mpangaji wake, kwa hiyo akamwacha aendelee. Mpira wa pili ukaviangusha tena.

"Upepo!"

Mkewe, Lettice, alishindwa kuvumilia. "Upepo gani, bwana? Hata utepe wa kofia yangu haujatikisika!"

"Nyamaza, mke wangu. Mchezo huu huujui."

"Nimeujua leo. Ni kusimama na kukataa kuondoka."

Wachezaji wakaangua kicheko, wakauacha mpira majanini, wakaenda kilabuni kunywa bia. Lettice akafuatana nao. Aubrey alibaki uwanjani na gongo lake la kupigia mpira, akiwafokea kondoo waliokuwa wakila majani kando ya uwanja.