Honi ya Mzee Neville

Asubuhi hiyo ya Jumamosi Dane Trewin alikuwa akipiga chokaa mstari wa uwanja wa Wirrabool, mji mdogo wa Australia unaocheza futiboli ya Kiaustralia, baridi ikimng'ata masikio. Kocha wa timu ndogo ndiye fundi, ndiye mfagiaji. Alipofika karibu na milingoti ya magoli akasimama. Nje ya uzio palikuwa na mashimo mawili ya magurudumu, nyasi zimegoma kuota. Hapo ndipo baba yake, mzee Neville, alipoegesha pikapu yake kila Jumamosi, tangu Dane akicheza timu ya watoto.

Wirrabool goli likiingia, magari yote yaliyozunguka uwanja hupiga honi. Ya mzee Neville mbovu, inalia kama mbuzi mwenye mafua. Dane alipochukuliwa na timu kubwa ya Melbourne, uwanja mzima ukimshangilia, masikio yake bado yaliitafuta honi ile. Halafu goti likamharibikia. Akarudi nyumbani, akawa kocha, na honi akaikuta palepale.

Mpaka alipomwacha nje ya kikosi mdogo wake, Kobi, kwa sababu amekuwa mzito.

"Wewe ni kocha au ni mwanangu?" mzee aliuliza siku ile.

"Leo ni kocha," Dane alijibu.

Mzee hakuja tena uwanjani.

Mchana magari yakaja, yakajipanga ubavu kwa ubavu. Nafasi ile yakairuka. Glenys, muuza pai za nyama, akapaza sauti, "Kocha! Unachezesha timu au unalinda mashimo?"

Watu wakacheka. Dane naye akacheka, kidogo.

Kobi alikuwa pembeni na chupa za maji za wachezaji. "Kaka, angalia mpira bwana. Mimi nilishakusamehe. Hata hiki kitambi kinajua ulisema kweli."

"Na mzee?"

"Nimemwacha jikoni. Kavaa skafu ya timu, kakumbatia redio."

"Skafu kavaa?"

"Kavaa. Lakini nilipomwambia twende, akaongeza sauti ya redio."

Robo ya mwisho ya mchezo walikuwa nyuma kwa pointi mbili, na goli moja ni pointi sita. King'ora cha kumaliza mchezo kililia mpira walioupiga ukiwa bado hewani. Ukapita katikati ya milingoti mirefu. Goli! Honi zikalipuka, wachezaji wakamrukia kocha wao mgongoni, matope mpaka puani.

"Hebu nyamazeni kidogo," akasema. Akatega sikio. Zililia honi nene, zikalia nyembamba, mpaka ya lori la maziwa. Ya mbuzi haikuwemo.

Walipokwenda kuoga, Dane alitoka nje ya uzio akasimama kati ya yale mashimo, akatoa simu, akaandika ujumbe.

"Baba, tumeshinda, Jumamosi ijayo ni fainali. Nafasi yako hakuna aliyeigusa." Akaandika chini, "Kocha." Akafuta. Akaandika, "Mwanao, Dane."

Akatuma. Ujumbe ukaonyesha umesomwa. Magari yakaondoka moja moja, taa zikampita usoni, na yeye bado ameishika simu, kioo kikizima anakigusa kiwake tena.