Wakfu wa Mafuta

Nyanya mkuu wa ukoo wetu, Mungu amrehemu, alipofariki aliacha maduka mawili ya barabara ya Ndia Kuu na maneno machache: kodi yake inunue mafuta ya kuwashia, ili wanaosoma katika chumba cha juu ya madrasa wasisome gizani. Huo ndio wakfu wetu, na mtaa mzima waujua. Msimamizi hutoka katika ukoo wenyewe, na zamu hii ni ya ami yangu Muhdhar, mdogo wake baba.

Ami Muhdhar ndiye pia muuza mafuta ya taa. Ana pipa nyuma ya duka lake, na pampu ya mkono, na kopo la kupimia. Kodi ya wakfu huingia mkono wake wa kulia ikahamia wa kushoto, na hakuna aliyeona ubaya, maana taa zilikuwa zikiwaka.

Watoto wa madrasa siku hizi husoma mchana. Chumba cha juu tulikirithi sisi, wanawake wa ngumbaru, masomo ya watu wazima. Baada ya Magharibi twapanda ngazi na mabuibui yetu na madaftari yetu, wengine na watoto mgongoni. Mwalimu wetu ni Bi Mirriam, Mgiriama wa Kaloleni, mkristo, mkali kwa hesabu kuliko kadhi kwa talaka. Mimi niliachishwa shule darasa la sita nikaolewa. Sasa nina Yumna, binti yangu wa kwanza, anayeanza kutambaa, na ninao mtihani wa darasa la nane mbele yangu, mwezi wa Novemba. Cheti kile nakitaka. Nataka nikishike kwa mkono huu huu unaofua nepi.

Umeme chumbani hatukuwa nao. Umeme una bili kila mwezi, na wakfu, kwa kauli ya ami, haukutaja bili. Na huo umeme wenyewe wa kukatika jioni moja baada ya nyingine, hata hatukuupigania.

Mwisho wa mwaka wa tisini na nne serikali ikaachilia bei ya mafuta, kila muuzaji ajipangie yake. Kabla ya hapo bei tulikuwa tukiisikia redioni. Sasa tukawa twaisikia kutoka kwa ami. Karabai mbili zikawa moja. Karabai moja ikawa koroboi tatu zinazotoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Masomo ya kila jioni yakawa jioni mbili kwa juma. Asubuhi nikimfuta Yumna pua, kitambaa chatoka na masizi, naye akikohoa kikohozi kikavu cha mtu mzima, kifua chote chatikisika. Nilikuwa nikimwekea sikio mgongoni nikisikiliza, nikajisemea: haya ndiyo masomo yangu, yamo kwenye kifua cha mwanangu.

Baada ya Idi, ami akatuma neno: kodi haifikii tena bei ya mafuta. Masomo yafungwe mpaka mwakani.

"Mwakani!" Mejumaa akaruka. Mejumaa ni mwenzangu darasani, muuza viazi karai pale Kibokoni, na mdomo wake una pilipili kuliko viazi vyake. "Mwakani mimi nitakuwa nimeshasahau hata jina langu laandikwaje. Mtihani watungoja?"

Siku hiyo Bi Mirriam hakutufundisha Kiswahili. Alikuwa amepita kwa Ngowa, fundi wa redio wa Mwembe Tayari anayewauzia watu wa Kinango na Mariakani sola za kutazamia televisheni, akaja na bei. Akaugawa ubao mara mbili. Upande mmoja akaandika sola, betri na taa mbili: kodi ya miezi mitano ya maduka yetu, halafu betri mpya baada ya miaka kadhaa, basi. Upande wa pili akaandika mafuta, mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, mwezi wa tatu, akaendelea kuandika na kujumlisha mpaka ubao ukamwishia, chaki ikamwishia.

"Mwalimu, jibu ni ngapi?" nikamuuliza.

"Haina jibu," akasema akipangusa mikono. "Hii ni hesabu isiyokwisha."

Kesho yake nilikwenda dukani kwa ami. Nilimwamkia, nikamweleza kwa adabu zangu zote. Alinisikiliza akimimina majani ya chai kwenye mikebe.

"Mwanakuu, mwanangu. Wakfu si sanduku la kuchezea. Nyanya alisema mafuta. Mimi ni nani nigeuze?"

"Lakini ami, mafuta yamekushinda wewe mwenyewe."

"Yamenishinda kwa bei, si kwa dini. Na hebu niambie, mumeo ala wapi? Si Shimanzi, kwenye bohari za mafuta? Wala mafuta, wavaa mafuta, halafu wayatukana mafuta?"

Mume wangu Chirau ni kuli huko Shimanzi, kweli.

"Chirau hupakua mafuta ya meli, ami. Hayapakui kwenye kifua cha mwanawe. Na siku bohari zile zikifungwa, nataka niwe najua kumwandikia barua ya kuomba kazi nyingine."

"Utaandika," akasema, akanipa kisogo. "Mwakani."

Jioni hiyo tulikubaliana. Kesho yake baada ya Alasiri tukaenda, wanawake wote wa darasa, tukakaa kwenye baraza ya ami Muhdhar.

Asiyeujua mji wetu hatajua tulilolifanya. Baraza za mawe zilizo mbele ya nyumba, saa ile ya baada ya sala, ni za wanaume. Hapo hunywewa kahawa, hapo huozeshwa watoto na kuzikwa wanasiasa. Mwanamke hupita upande wa pili na kichwa chini. Sisi tulikaa. Tulijaza mawe yote, huku na huku, madaftari mapajani, watoto miguuni, na Bi Mirriam akaegemeza ubao mlangoni pa ami.

Wazee wakatoka msikitini, wakafika, wakasimama. Hapana pa kukaa.

"Lo! Kuna msiba?" mmoja akauliza.

"Kuna masomo," Mejumaa akamjibu. "Karibu, babu. Lakini darasa limejaa."

Muuza kahawa akamimina vikombe, watu wakavinywa wima kama walio kituoni. Ami akatoka ndani, kofia mkononi.

"Mwanakuu! Ni wazimu gani huu? Nyumba zenu hazina mikeka?"

"Masalkheri, ami. Usiku umetufungia. Tumekuja kusoma mchana, mwanga wa huku haupimwi kwa kopo."

Mtu akacheka, akajifanya akohoa.

"Hapa pa wanaume!"

"Na chumba cha juu cha nani?" nikasema. "Maduka yale si yako, ami. Si yangu pia. Ni ya anayesoma. Sisi ndio tunaosoma. Twaomba kilicho chetu kitununulie sola, kodi ya miezi mitano, basi."

"Nyanya alisema mafuta! Mafuta! Wataka nimsahihishe maiti?"

Hapo ndipo nikakumbuka hadithi yake. Kila Maulidi, sinia za pilau zikishaondolewa, ami hujisifu kwa hadithi ile ile: jinsi marehemu baba yake, alipokuwa msimamizi, alikuta madrasa yawasha mafuta ya nazi, yananuka, yanadondokea misahafu, naye akayatupa akaleta mafuta ya taa mapya kutoka melini, mwanga mweupe, mji mzima ukaja kutazama. Hakuna mtu kwenye baraza ile ambaye hajaisikia.

"Ami, tuhadithie ya babu," nikamwambia.

"Ya babu gani?"

"Ya babu na mafuta ya nazi."

Wazee wakatazamana. Mmoja akaweka kikombe chini.

"Nyanya aliwakifia mafuta ya nazi," nikasema. "Yeye hayo ya pipa hakuyaona na macho yake. Babu ndiye aliyegeuza, na wewe kila mwaka watwambia alifanya jambo kubwa. Nami nasema alifanya jambo kubwa. Aliona lililo jema kwa wanaosoma, akalifanya. Sasa ni zamu yako."

"Wallahi umekamatwa, Muhdhar," akasema Masha, muuza vinyago aliyepanga duka moja la wakfu. "Mimi kodi yangu ya miezi yote hiyo nitalipa mbele. Nimechoka kunywa kahawa wima."

Watu wakaangua kicheko. Ami hakucheka. Alikuwa akinitazama mimi, na hasira yake ilikuwa na kitu kingine ndani, kama mtu anayemwona mtoto wa nduguye kwa mara ya kwanza.

"Haya," akasema. "Nunueni. Lakini siku taa yenu ya jua ikizima, mwarudi kwenye pipa langu, na sitaki kusikia neno."

"Twakubali. Na mimi nina langu. Kuanzia leo anayesimamia wakfu asiuuzie wakfu. Tutanunua sisi wenyewe, popote penye nafuu, nawe utatazama tu kama tumefanya haki."

"Wanitoa kwenye usimamizi?"

"Wewe ubaki, ami. Linalotoka ni pipa."

Ngowa alikuja na sola yake imefungwa kwa gunia, akalalamika ngazi zote. "Hiki kimelipiwa ushuru utadhani manukato," alisema akihema. "Jua la Mungu latozwa ushuru bandarini, moshi wapita! Mkishasoma, mkawe wabunge mkalitazame hilo." Aliifunga juu ya paa, akatwambia: taa zikianza kuwa za manjano, zimeni moja, mvute subira.

Jioni ya kwanza hakuna aliyesoma. Tulikaa tukatazamana nyuso. Mejumaa akaniambia, "Shoga, kumbe una chunusi." Jioni zetu zote zikarudi, na kikohozi cha Yumna kikapungua, kikapungua, usiku mmoja nikaamka kwa sababu sikukisikia.

Kisha ikaja masika. Mvua ikanyesha mfululizo, mawingu yakalalia mji, jua hatulioni. Taa zikawa za manjano. Tukazima moja. Ile nyingine ikawa kama kiini cha yai. Bi Mirriam akafunga vitabu.

"Leo hesabu za kichwa," akasema. "Kichwa hakihitaji betri."

Ndipo tukasikia mvumo ngazini, ule mvumo wa karabai tuliokuwa tumeusahau. Ami Muhdhar akatokea mlangoni, maji yakimtiririka, karabai inawaka mkononi, mwanga umejaa ngazi nzima.

"Nimewaletea," akasema. "Sikuja kucheka. Lakini tuliagana. Ikizima."

"Imezima?" Mejumaa akauliza. "Hebu tazama vyema, ami."

"Huo mwanga gani? Kuku hawezi kuona punje!"

"Kuku hafanyi mtihani."

Niliinuka. Yumna alikuwa amelala pembeni kwenye leso yangu, mdomo wazi, apumua kimya. Nikaenda mlangoni nikasimama katikati, ami asiweze kupita ila anisukume.

"Twakushukuru kwa wema wako, ami. Karibu ndani ukae. Lakini izime kwanza."

"Mwanakuu, mvua hii yaweza kunyesha juma zima."

"Na inyeshe. Juma zima tutajumlisha kwa kichwa. Jua halikuhama, ami, limefunikwa tu. Mwanangu yule, mara ya mwisho mafuta kuwaka humu, alilala akikohoa. Izime."

Alimtazama mtoto. Kisha akalegeza kile kiparafujo cha karabai, upepo ukatoka fyuuu, na ngazi ikaingia giza. Hakuingia ndani, wala hakushuka. Nilimsikia akikaa kwenye kidato cha juu, magoti yakilia.

Nami nikarudi mahali pangu chini ya ile taa ya manjano.

"Saba mara nane?" Bi Mirriam akauliza.

Tukajibu sote kwa pamoja, kwa nguvu, hata aliyekuwa Ndia Kuu chini ya mwavuli wake alitusikia. Akauliza tena. Tukajibu tena.