Kitanda cha Kavindu

Mkebe wa soda ulipita kati ya twiga wawili, ukaanguka ndani ya kitanda.

"Umeona, Baba?" Nzisa alisema. "Mkebe ukipita, mtoto naye atapitisha mwili, kichwa kinaswe. Ndivyo sista wa kliniki alivyotufundisha."

Muthama alikodoa macho. Tangu ujana wake alikuwa akichonga twiga wa kuuzia watalii, na hakuna aliyewahi kumwambia amewasimamisha mbali mno. Kitanda hiki alikichonga kwa mti wa jakaranda, pande zote twiga badala ya fito, vichwa vyao vikishika ubao wa juu. Kwa kuwapenda, aliwaachia nafasi ya kutembea. Ebo! Twiga watembee waende wapi, na kazi yao ni kumzuia mtoto?

"Nitaongeza wengine katikati," alisema. "Hata kundi zima, ukitaka."

Jumatatu Nzisa angerudi kazini, kwenye kiwanda cha nguo hapo hapo mtaani Baba Dogo, karibu na chumba cha babake. Akiridhika na kitanda, mtoto angeshinda hapa, naye angekuja kumnyonyesha saa ya chakula. Asiporidhika, angempeleka kwa mama mmoja anayelea watoto wa wafanyakazi.

Muthama alimtaka mtoto huyo, alimtaka mpaka akajionea haya. Binti wa kwanza wa Nzisa alipewa jina la mama mkwe, kama ilivyo desturi yao Wakamba. Huyu wa pili ilikuwa zamu ya upande wa mama, akaitwa Kavindu, jina la marehemu mke wa Muthama. Tangu mazishi, jina hilo halikuwa limeitwa ndani ya chumba hiki. Sasa angeliita kutwa nzima na kuitikiwa, hata kama ni kwa kilio.

"Mke wangu hajambo?" alimwuliza mtoto aliyefungwa mgongoni.

"Mke wako amenikojolea leso," Nzisa alijibu, wakacheka wote wawili.

Kisha Nzisa akainama kuuokota mkebe, akaliona blanketi. Lilikuwa la maua mekundu, limetandazwa juu ya godoro dogo, na mto umewekwa upande wa kichwa.

"Baba, hili si la mama?"

"Ni lake. Sijalifua. Nataka amjue somo wake, hata kwa harufu tu."

"Hapana, Baba. Litamfunika pua, na hana nguvu ya kujifunua. Ni godoro gumu na shuka iliyobana, alazwe chali, basi. Hakuna mto, hakuna blanketi. Kukiwa na baridi, namvalisha nguo za kutosha."

"Nyinyi mlilala ndani ya hili hili na mama yenu. Mbona mko hai?"

"Sisi tuko hai. Sista anasema wapo waliolazwa hivyo wasiamke."

"Kitanda kitupu!" Muthama alifoka. "Hata mbuzi hutandikiwa majani! Unamtoa mama yako chumbani mara ya pili."

Neno lilikuwa limeshatoka. Nzisa alilinyanyua blanketi, akazika uso ndani yake, akakaa hivyo mpaka mtoto akaanza kufurukuta mgongoni. Alipoinua uso, macho yalikuwa mekundu.

"Unadhani mimi simtamani? Namtamani mpaka kifua kinauma. Lakini mama ameenda, Baba. Huyu bado tunaye."

Muthama alilipokea blanketi, akaliweka kwenye kitanda chake mwenyewe. Kisha akaenda kutafuta patasi.

Jumatatu asubuhi, kati ya twiga wakubwa walikuwa wamesimama watoto wao, shingo zimenyooshwa kuufikia ubao, wamepigwa msasa wakawa laini. Nzisa alizunguka kitanda na mkebe wake. Ulikataa kupita popote. Akamlaza mtoto chali, akatoka, akarudi kuchungulia dirishani, akatoka tena.

Hakufika mbali kabla kilio hakijaanza. Lo, kilio gani kile! Muthama alimpakata mtoto kifuani, akambembeleza, kilio kikapoa. Mkono wake ukalifikia blanketi, ukalishika ncha, ukaliachia. Akaketi. Joto la mtoto likamwingia mwilini, kope zikaanza kumlegea, maana usiku alikesha na kazi. Raha iliyoje kusinzia hivyo, Kavindu juu ya kifua chake! Alitamani dunia isimame hapo.

Lakini usingizi ukimchukua, nani angemshika mtoto? Akajikaza, akasimama. Alimlaza chali kwenye shuka tupu, akampapasa tumbo kwa mgongo wa mkono, maana viganja vyake vilikuwa vinakwaruza kwa sababu ya patasi.

"Lala, Kavindu," alisema. "Lala, mke wangu. Nipo hapa."

Mtoto alimtazama, akapiga mwayo, akatupa mikono yote miwili juu kama mtu aliyesalimu amri. Akalala.

Nje, mashine za viwandani zilinguruma, muuza mboga akapita akinadi sukuma. Muthama hakusikia kama mtoto anapumua. Alijaribu kupenyeza uso kati ya twiga amkaribie, lakini nafasi aliyoiacha haikutosha hata pua. Akapiga magoti sakafuni, akabandika sikio kwenye mbao, akabana pumzi zake ili apate kusikia za Kavindu.