Goti la Fundi Othmani

Miaka ile ya vita Othmani alikuwa fundi wa kushona mjini Gitega, na mguu wake wa kulia ndio uliokuwa unakanyaga cherehani. Kiti chake kirefu kilipasuliwa kuni siku yeye na mkewe walipokimbia mapigano, na tangu waliporudi alikalia kreti ya Fanta, magoti yanakaribia kidevu. Goti likaanza kuuma, likavimba, likawa linalia kila anapoinuka.

Akaenda kwa Hidaya, muuguzi aliyekulia Kigoma. Zahanati ilijaa watu waliotoka Bugendana na Mutaho kwa miguu, watoto wanalia, na Hidaya akasema haraka kwamba dawa ya goti lile ni mazoezi. Othmani akasikia mazoea. Akaona ni neno la haki: umri umeingia, nchi imechafuka, mtu azoee. Akarudi kwenye kreti yake akazoea, mpaka akawa hawezi kusujudu, anaswali ameketi.

Mwishowe akakata shauri cherehani aichukue Husni, mtoto wa dada yake, kule Muyinga. Yeye mwenyewe angekuwa nani bila cherehani, hilo hakumwambia mtu, hata mkewe Pili. Akapanda lori la maharage na cherehani yake, akafika wakamshusha kama gunia.

Husni kumwona hivyo, akaita muuguzi wa jirani. Kumbe ni Hidaya, siku hizi anafanya kazi Muyinga. Akamuuliza mzee kama yale mazoezi aliyafanya.

"Mi nimeshazoea kabisa, mwanangu."

"Umezoea nini, baba?"

"Si maumivu? Ndiyo dawa we ulinipa."

Hidaya alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akaona haya. "Nisamehe, baba, nilisema mbiombio. Mazoezi. Ile ninyi mnaita sport."

"Sport na hizi mvi? Nicheze mpira?"

Hidaya akalipapasa goti. Halikuwa na moto wala wekundu; lingekuwa nao, alisema, angempeleka hospitali siku ileile. Akamweleza kwamba ule utando laini kati ya mifupa unalika kwa umri, unalika zaidi kwa kazi ya mguu mmoja na kukaa umejikunja. Uzito nao unaongeza, akasema akiangalia tumbo la mzee, na Husni akageuza uso asicheke. Halafu nyama za paja zikilegea, goti linabaki na mzigo peke yake.

Kwa hiyo akae juu, anyooshe mguu, auinue, aushikilie kidogo, aushushe polepole. Ajikande kwa kitambaa cha maji ya moto. Atembee asubuhi mahali tambarare, na cherehani aikanyage kwa miguu yote miwili.

Husni akamgongomelea kiti kirefu. Mwanzoni paja lilitetemeka ovyo. Lilipotulia, Othmani akajifunga kifuko cha maharage kwenye kifundo cha mguu kiwe uzito wa kuinua, na wapita njia wakamuuliza atacheza namba ngapi. "Golikipa," aliwajibu, "mi sipendi kukimbia." Uvimbe ukaanza kushuka.

Asubuhi moja Husni alimkuta mjomba wake kwenye cherehani, miguu miwili juu ya kanyagio, anamalizia suruali ya mtu. Mteremko bado ulimuuma, na kusujudu bado alitanguliza mkono, lakini alisujudu. Husni akauliza kwa sauti ya chini kama bado atapewa ile cherehani.

Othmani akakata uzi kwa meno.

"Iko na kazi Gitega," alisema. "We nitafutie lori yenye nafasi. Na hii kiti mi naenda nayo."