N ya Nje

Ile mipira inayoning'inia nyuma ya matairi ya malori, ya kuzuia tope na mawe, watu wengi huiona pambo tu. Wengine huagiza irefushwe mpaka ifagie barabara. Mama mmoja, fundi wa kuikata na kuifunga, alikuwa hawaonei haya wateja wa namna hiyo. Mpira ukiwa mrefu, aliwaambia, gari likirudi nyuma tairi litaukanyaga. Ukiwa mwepesi, upepo utaupeperusha na mawe yataruka yanakotaka. Ndiyo maana chini ya kila mpira alifunga kipande cha chuma cha kuutia uzito, na chuma hicho lazima kikae upande wa nje, mbali na tairi.

Asubuhi hiyo alikuwa amekata mipira ya lori la mumewe. Ilibaki kuandikwa TARATIBU kwa rangi nyeupe, lakini mume, ambaye gereji nzima ilimwita Mbio, hakuwa na subira ya kungoja rangi ikauke. Mkewe alipokuwa mbele akizungumza na mteja, mume alimwita mdogo wake aliyefanya kazi hapo gereji, wakaifunga mipira wenyewe, akaondoka na shehena ya saruji.

Binti yao alimfuata kwa pikipiki. Alikuwa anakwenda kuanza kazi katika zahanati ya mji wa pili, safari ndefu kuliko zote alizowahi kuendesha, na mama yake alishika usukani wa pikipiki, hataki kuuachia mpaka apewe ahadi.

"Kaa nyuma ya baba yako. Usimpite hata akitambaa."

"Mama, nitakula vumbi njia nzima."

"Kula. Utaoga ukifika."

Baadaye, akikusanya vipande vya mpira sakafuni, alimuuliza yule mdogo wa mumewe, kwa kuuliza tu, vyuma wamevielekeza wapi.

"Ndani, shemeji. Si uliweka alama ya N upande wa chuma?"

"N ya nje," akasema.

Shemeji alicheka kidogo, halafu akamtazama usoni akaacha. Kule alikojifunzia kazi N ilikuwa ndani, na hapa hakuwahi kuuliza kwa sababu kufunga ilikuwa kazi ya mama mwenyewe. Naye mama, kwa kuwa alijiandikia mwenyewe, hakuona haja ya kupoteza chaki kwa neno zima. Herufi moja inatosha, si anajua anachomaanisha?

Aliliona lori kana kwamba liko mbele yake: mzigo umeliinamisha, tairi limekisogelea chuma, lori linaingia shimoni, tairi linakinyakua chuma na kukitupa nyuma. Na huko nyuma nani amemweka mtoto? Ni yeye, kwa mdomo wake mwenyewe.

Alimpigia binti. Simu iliita mpaka ikakatika. Akampigia mume, nayo ikaita bure. Akarudia kwa binti, vidole vinateleza kwa jasho.

"Labda hasikii kwa sababu ya kofia ngumu," shemeji akasema.

"Nyamaza, shemeji. Nakuomba unyamaze."

Simu ikalia. Alikuwa mume.

"Mbona unanipigia hivyo? Nimesimama mizani. Halafu mpira wako wa kushoto umeng'oka na chuma chake. Nilisikia kishindo kule kwenye mashimo."

"Mtoto yuko wapi?"

"Si yuko nyuma yangu?"

"Shuka umtazame."

Alisikia mlango ukifunguka, kisha viatu kwenye kokoto, vikienda, vikisimama.

"Simwoni," akasema Mbio, na sauti yake haikuwa na haraka yoyote. "Ngoja nigeuze."

Mama alikaa chini juu ya mabaki ya mpira. Aliogopa kuiweka simu chini, aliogopa pia kuiangalia. Ilipolia tena hakutaka kupokea, maana ingeweza kuwa sauti ya mtu baki aliyeokota simu ya binti barabarani. Shemeji alimbonyezea.

"Mama, naomba usinigombeze," alisema binti. "Nimeona simu zako zote. Najua baba ameshakuambia."

"Ameniambia nini?"

"Kwamba nimempita. Alisimama kujaza mafuta, mimi nikapitiliza tu. Hata hakuniona. Vumbi lilinishinda, mama. Mashimo yote nimeyapita peke yangu, polepole, na nimeshafika geti la zahanati."

Mama aliishika simu kwa mikono miwili.

"Mama? Umekasirika?"

"Sana," akasema, machozi yakimdondokea mapajani. "Nimekasirika sana."

Shemeji aliokota chaki, akaenda kwenye mipira iliyoegemezwa ukutani, akaanza kuongeza J na E kwenye kila N.